Kusawazisha Sauti

Msomaji, bila shaka umepata kukaa katika chumba kidogo ukasikiliza nyimbo zitokazo katika chombo cha bei ndogo. Sauti ya mwimbaji husikika kama ya mtu asemaye huku amefunika kinywa kwa kitambaa. Ngoma, badala ya kulia na kukoma, huvuma kama pipa tupu linalobingirishwa. Na matoazi ambayo yalipopigwa yalilia kwa wepesi na mng'aro, hapo huwa kama hayapo kabisa. Mwenye chombo aghalabu hukilaumu chombo. Husema kwamba ni kitu rahisi, na kitu rahisi hakina sauti. Nataka kukuonyesha kwamba lawama hiyo ni nusu ya haki tu, na kwamba kwa muda wa zaidi ya miaka 100 watu wenye akili wameshughulika kutafuta njia ya kuirudishia sauti kile ambacho waya, santuri, spika na kuta za nyumba huinyang'anya. Kazi yao huitwa kusawazisha sauti. Zamani ilikuwa kazi ya makampuni ya simu na majumba ya sinema. Leo imeingia katika simu ya mkononi, na mwanafunzi aweza kuifanya bila ya kutoa senti moja.

Yafaa kwanza tukumbuke sauti ni nini. Sauti ni mtetemo wa hewa. Uzi wa gitaa ukitetema mara 100 katika sekunde moja, hewa iliyo kando yake nayo hutetema mara 100, na ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio kadhalika. Mtetemo mmoja kwa sekunde huitwa hezi moja, kwa heshima ya Mjerumani Heinrich Hertz. Sikio la kijana husikia tangu hezi 20 hadi hezi 20,000 hivi. Sikio la mzee hupungukiwa upande wa juu. Mitetemo michache ndiyo sauti nene, na mitetemo mingi ndiyo sauti nyembamba. Lakini hapana mwimbaji wala ala itoayo mtetemo wa namna moja tu. Binti aimbapo, kuna mtetemo wa msingi, na juu yake kuna mingine iliyo mara mbili, mara tatu, mara nne ya ule wa kwanza, na kuendelea. Na mchanganyiko wa hiyo yote ndio unaotuwezesha kumtambua dada na kumtambua shangazi ingawa wote wawili wanaimba sauti moja. Ukipunguza sehemu moja ya mchanganyiko huo na kuiacha nyingine, umembadilisha mwimbaji. Hapo ndipo penye kiini cha habari hii yote.

Neno kusawazisha, kwa maana hii tunayoisema, lilizaliwa katika simu. Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu mwaka 1876, na haikupita miaka mingi kabla watu hawajagundua kwamba waya mrefu hauwatendei haki wasemaji. Mtu aliye mbali hakusikika kwa sauti ndogo tu, bali kwa sauti iliyoharibika. Mitetemo ya juu ilififia njiani zaidi ya mitetemo ya chini, hata herufi kama s na f zikapotea, yakabaki mavumo. Mwingereza Oliver Heaviside, mtu maskini aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 16 wala hakusoma chuo kikuu, alionyesha kwa hesabu mwaka 1887 kwamba waya wa simu ukiongezewa sifa fulani ambayo koili ya shaba inayo, mitetemo yote itafifia kwa kipimo kimoja, na maneno yatafika madogo lakini safi. Wakubwa wa simu wa nchi yake walimpuuza. Mwaka 1900 Michael Pupin, mwalimu wa chuo kikuu huko New York, alipata hataza ya kutia koili katika waya kila baada ya umbali maalumu, akatajirika kwayo. Heaviside alikufa mwaka 1925 katika umaskini. Historia ya sauti nayo, kama historia nyingine, ina dhuluma zake.

Januari 1915 waya wa simu wa kutoka New York mpaka San Francisco ulifunguliwa, umbali wa zaidi ya kilomita 5,000, na koili hizo zilikuwamo. Katika miaka ya 1920 mhandisi Otto Zobel, aliyekuwa akifanyia kazi kampuni hiyo ya simu, alibuni mizunguko midogo ya umeme iliyowekwa mwisho wa waya ili kulinganisha vile vilivyofika. Njia yake yastahili kukumbukwa, kwa kuwa tutaihitaji tena mbele. Hakuwatia nguvu wanyonge. Alizipunguza zile sauti zilizofika zikiwa na nguvu mpaka zikalingana na zile zilizofika zikiwa dhaifu. Kisha zote zikapandishwa pamoja kwa amplifaya. Basi mwisho wa waya ukawa sawa na mwanzo wake, na kwa hiyo kazi ikaitwa kusawazisha.

Siku ambayo sanaa hiyo ilijionyesha kwa fahari ni tarehe 27 Aprili 1933. Wapigaji wa Orkestra ya Philadelphia waliketi katika ukumbi wao mjini Philadelphia, wakiongozwa na Alexander Smallens. Watazamaji hawakuwa mbele yao. Walikuwa Washington, yapata kilomita 200 kutoka pale, katika ukumbi ambao jukwaa lake halikuwa na mtu hata mmoja. Maikrofoni tatu zilisimamishwa Philadelphia, upande wa kushoto, katikati na kulia. Nyaya tatu zikaichukua sauti. Na spika tatu zikaitoa Washington katika nafasi zilezile. Nyaya hizo zilikuwa zimesawazishwa kupitisha mitetemo tangu hezi 40 hadi hezi 15,000, ilhali simu ya kawaida iliridhika na sehemu ndogo tu ya hiyo. Na yule kiongozi mashuhuri wa orkestra hiyo, Leopold Stokowski, ambaye kwa kawaida husimama mbele ya wapigaji, usiku ule alikaa Washington mbele ya vifundo vya kuzungusha, akipandisha hapa na kushusha pale, akiiongoza muziki kwa umeme. Sijui kama alikuwako mwanamuziki kabla yake aliyeona kwa uwazi kiasi hicho kwamba kifundo cha sauti nacho ni ala.

Mkuu wa jaribio hilo alikuwa Harvey Fletcher wa Maabara ya Bell, na mwaka uleule yeye na mwenzake Wilden Munson walitoa taarifa juu ya jambo ambalo wewe mwenyewe waweza kulithibitisha usiku wa leo. Waliwapa watu sauti za namna nyingi wazisikilize, wakawauliza ni ipi inayolingana kwa ukubwa na ipi. Wakaona kwamba sikio si mizani ya haki. Sauti ikiwa kubwa, sikio husikia nene na nyembamba karibu sawasawa. Sauti ikiwa ndogo, sikio huzisahau zile nene kwanza. Ndiyo sababu wimbo ulio mtamu adhuhuri, ukipunguzwa usiku ili jirani apate kulala, huonekana umekonda na kukosa mifupa. Chombo hakikubadilika wala wimbo haukubadilika. Kilichobadilika ni kipimo tunachokitumia kichwani.

Sasa twende kwenye santuri, maana hapo ndipo kusawazisha kulipoingia nyumbani kwa watu, ijapokuwa wenye nyumba hawakujua. Mpaka mwaka 1925 mwimbaji aliimba mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya pumzi yake ndiyo iliyoisukuma sindano ichore mfuo. Mwaka huo uchoraji wa santuri kwa maikrofoni na umeme uliingia sokoni Marekani. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1928, Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba huko Unguja katika nyumba ya watu fukara, na ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, alivuka bahari pamoja na wapigaji wake akaenda Bombay kuimbia santuri za His Master's Voice. Santuri hizo zilienea pwani yetu. Zilikuwa za namna ile iliyozunguka mara 78 kwa dakika, yenye kuchukua dakika tatu hivi kila upande, na iliyovunjika kama sahani ya udongo ikianguka sakafuni.

Mfuo wa santuri una tabia moja yenye taabu. Sindano inapochora sauti nene huyumba sana kushoto na kulia, na inapochora sauti nyembamba huyumba kidogo. Kama sauti ya hezi 50 ingechorwa kwa kasi ileile ya sauti ya hezi 1,000, sindano ingeyumba mara 20 zaidi. Mfuo mmoja ungeingia katika mfuo wa jirani yake, na santuri ingeharibika. Upande wa pili, sauti nyembamba huyumba kidogo mno hata humezwa na mkwaruzo wa sindano. Wachoraji wakapata hila ya pande mbili. Walipochora, walizipunguza sauti nene kwa makusudi na, baadaye, wakaziongeza sauti nyembamba. Na chombo cha msikilizaji kilitakiwa kufanya kinyume chake, kuziongeza nene na kuzipunguza nyembamba, na pamoja nazo mkwaruzo. Santuri, basi, ni barua iliyoandikwa kwa fumbo, na chombo cha nyumbani ndicho chenye ufunguo wa kuisoma.

Taabu ni kwamba kila kampuni ilikuwa na fumbo lake. Santuri ya muda mrefu ilipotolewa na Columbia mwaka 1948, na ile ndogo ya mara 45 kwa dakika ilipotolewa na RCA mwaka 1949, fujo ilizidi, hata vyombo vizuri vya siku hizo vikawa na kifundo cha kuchagua kampuni. Mwaka 1954 chama cha makampuni ya santuri ya Marekani kilikubaliana juu ya kipimo kimoja, na baada ya muda dunia nzima ikakifuata. Kwa kipimo hicho, sauti ya hezi 20 hupunguzwa kwa desibeli 19 hivi wakati wa kuchora, na ya hezi 20,000 huongezwa kwa desibeli 20 hivi. Ili uone ukubwa wa jambo hilo, jua kwamba desibeli 10 ni kuzidisha nguvu mara 10, na desibeli 20 ni kuzidisha mara 100. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba yeye husikiliza santuri zake bila ya kusawazishwa hata kidogo, asema jambo lisilowezekana. Zimesawazishwa mara mbili kabla hajagusa kitu.

Mwaka 1952 Mwingereza Peter Baxandall alichapa katika gazeti la mafundi, Wireless World, mchoro wa mzunguko mdogo wenye vifundo viwili, kimoja cha sauti nene na kimoja cha sauti nyembamba. Vikiwekwa katikati, havikubadili kitu. Mchoro huo uliigwa na watengenezaji wa redio na amplifaya kila mahali, na kama nyumbani kwenu kuna redio ya zamani yenye vifundo viwili vya namna hiyo, yamkini ni wajukuu wa mchoro wake. Vifundo hivyo vina faida, lakini ni kama jembe: hulima shamba zima. Ukitaka kung'oa mche mmoja, jembe halikufai.

Na mche mmoja ndio unaosumbua katika chumba. Sikiliza vizuri hapa, maana watu wengi hununua spika mpya kwa kosa ambalo ni la kuta. Sauti huenda mita 343 kwa sekunde katika hewa ya joto la kadiri. Chumba chenye urefu wa mita 4 hutunza sauti ambayo nusu ya wimbi lake yalingana na urefu huo. Gawanya 343 kwa 8, utapata hezi 43 hivi. Uzi mnene kuliko zote wa gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde. Upana wa chumba ukiwa mita 3, hesabu yatoa hezi 57; na uzi wa pili wa gitaa hilo ni hezi 55. Basi mpigaji wa besi akigusa nyuzi hizo mbili, chumba chako chaitikia kwa kelele kana kwamba kimeitwa jina lake, na akigusa sauti nyingine, chanyamaza. Huo ndio mvumo wa pipa tuliousema mwanzo. Kuta za saruji na sakafu tupu huuzidisha, kwa sababu haziinywi sauti bali huirudisha. Tena ukali wake si sawa kila mahali: karibu na ukuta na pembeni hunguruma, na katikati ya chumba sauti ileile huweza kutoweka.

Katika miaka ya 1960 Charles Boner, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Texas, alishughulikia makanisa na kumbi ambazo vipaza sauti vyake vilikuwa vikipiga mluzi kila mhubiri alipofungua kinywa. Alitafuta mtetemo mmoja mmoja uliokuwa ukijirudia, akaufanyia kichujio chembamba cha kuupunguza huo peke yake, kisha akautafuta wa pili, na wa tatu. Ilikuwa kazi ya subira kubwa, kwa maana kila kichujio kilitengenezwa kwa ajili ya ukumbi ule. Mwaka 1972 George Massenburg, kijana wa Marekani, alieleza mbele ya mafundi wenzake chombo ambacho fundi aliweza kuchagua kwa vifundo mambo matatu: mtetemo gani, upana gani, na kiasi gani cha kupandisha au kushusha. Mambo hayo matatu ndiyo utakayoyaona leo katika programu yoyote ya kusawazisha.

Baada ya hapo vyombo vya nyumbani navyo vikapata safu za vijiti vya kupandisha na kushusha, vitano, saba au kumi, na mara nyingi vitaa vya rangi juu yake. Nakiri kwamba wengi wetu tulivitumia vibaya. Tulipandisha vya kushoto, tukapandisha vya kulia, tukaacha vya katikati chini, hata safu ikawa na umbo la kicheko. Na sauti ya mwimbaji, ambayo imo katikati, ikazama. Ukipanda matatu fulani za mjini utaona mchezo huo haujafa. Labda kwa kuchoshwa na hayo, watengenezaji wa vyombo vya bei kubwa waliviondoa vifundo vyote vya kusawazisha, na ikawa kama dini kwa wapenzi wa vyombo hivyo kwamba sauti isiguswe. Siafikiani nao. Kutoigusa sauti kungefaa kama spika zingekuwa kamili na chumba kisingekuwa na kuta. Katika miaka ya 1980 Floyd Toole, mtafiti wa Kanada, aliwaketisha wasikilizaji nyuma ya pazia wasione wanasikiliza spika gani, na wengi wao walipendelea zile ambazo vipimo vilionyesha hutoa sauti zote kwa usawa. Walipokuwa hawaoni jina wala bei, masikio yao yalikubaliana zaidi kuliko watu walivyodhani.

Sasa tuingie katika namna ya kidijitali, ambayo ndiyo iliyomfungulia mlango mtu wa kipato kidogo. Mwaka 1938 Mwingereza Alec Reeves, akifanya kazi Paris, alipata hataza ya Ufaransa ya kuigeuza sauti kuwa hesabu: kuipima mara nyingi kila sekunde na kupeleka tarakimu badala ya mawimbi. Vyombo vya siku zile havikuiweza. Mwaka 1982 Sony na Philips walipotoa sahani ndogo ing'aayo, sauti ilipimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo kikaandikwa kwa tarakimu moja kati ya 65,536. Tangu hapo wimbo ukawa mfuatano wa nambari. Na nambari, kama ujuavyo, hujumlishwa na kuzidishwa.

Jaribu mwenyewe kwa kalamu. Andika nambari hizi: 10, -10, 10, -10. Zinapanda na kushuka upesi kabisa, kwa hiyo ni sauti nyembamba kuliko zote. Sasa chukua kila nambari, uijumlishe na ile iliyoitangulia, ugawe kwa 2. Utapata 0, 0, 0. Sauti imekwisha. Kisha andika 10, 10, 10, 10, ambazo hazibadiliki upesi, nazo ni mfano wa sauti nene. Zifanyie vilevile, utapata 10, 10, 10. Haikupungua hata kidogo. Kwa kujumlisha na kugawanya tu umetengeneza kichujio cha sauti nyembamba, bila koili, bila waya na bila ya kuunguza kidole. Vichujio vinavyotumika hasa huchukua nambari tatu za karibuni zilizoingia na mbili za karibuni zilizotoka, huzidisha kila moja kwa kipimo chake, hujumlisha, na hapo kichujio chembamba cha Boner kimekamilika. Ni kuzidisha mara 5 kwa kila nambari. Mara 220,500 kwa sekunde kwa spika moja, na mara 441,000 kwa spika mbili. Vichujio 10 hutaka kuzidisha mara 4,410,000 kila sekunde. Mwaka 1982 hesabu hiyo ilihitaji chombo cha ghali cha studio. Leo simu ya mkononi huifanya huku ikifanya kazi nyingine, wala haipati joto. Robert Bristow-Johnson, mhandisi wa Marekani, alizikusanya kanuni za vichujio hivyo katika miaka ya 1990 akazitoa bure, na programu nyingi zimejengwa juu yake.

Hata kupima chumba, kazi iliyotaka mitambo mizito, kumekuwa rahisi. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey walichapa njia ya kuifanya upesi ile hesabu ndefu inayotenganisha sauti moja katika mitetemo yake. Kwa njia hiyo tarakilishi, ikiwa na maikrofoni ndogo na programu isiyouzwa, hupiga sauti ipandayo kutoka nene hadi nyembamba, huisikiliza, na huchora mstari. Vilima vya mstari ni mahali chumba kinaponguruma. Mabonde ni mahali kinapomeza.

Hapo kishawishi kitakuja, msomaji, cha kuyajaza mabonde. Usijaribu. Bonde refu ni mahali ambapo sauti itokayo katika spika na sauti irudiyo ukutani zimekutana zikauana. Ukiongeza nguvu, ile ya spika yaongezeka na ile ya ukuta yaongezeka vilevile, na zitaendelea kuuana. Utakachopata ni joto katika amplifaya: kupandisha desibeli 10 ni kuidai watt 10 mahali ilipokuwa ikitoa moja, na spika ndogo yenye upana wa sentimita 10 haiwezi kuisukuma hewa kiasi hicho. Tena nambari nazo zina mwisho. Nambari ikizidi kikomo chake hukatwa, na sauti iliyokatwa hukwaruza. Kwa hiyo ukipandisha kichujio kwa desibeli 4, shusha sauti nzima kwa desibeli 4 kwanza. Vilima ndivyo vya kushusha. Tumerudi kwa Zobel na waya wake: punguza kilicho kikubwa, kisha pandisha vyote pamoja. Ukikiona kilima katika hezi 43, kishushe kwa desibeli 6 au 8, kwa upana mdogo, usiguse kingine; ngoma itakoma pale mpigaji alipoikomesha, na maneno ya mwimbaji yaliyokuwa chini ya mvumo yatatoka.

Kabla ya yote hayo, iondoe spika pembeni mwa chumba uisogeze nusu mita. Ni kusawazisha kwa miguu, na mara nyingine humaliza nusu ya kazi. Na utakapolinganisha sauti iliyosawazishwa na isiyosawazishwa, hakikisha zote mbili zina ukubwa mmoja, kwa maana sikio, kwa sababu ile ile aliyoionyesha Fletcher, huipa tuzo iliyo kubwa zaidi hata kama ndiyo mbaya.

Lakini kazi hii haikomi katika kupendezesha jioni ya mtu. Santuri za kina Siti zinaendelea kuvunjika na kuchakaa, na wale wanaozihifadhi huzinakili katika tarakilishi. Mfuo ule ulichorwa kwa fumbo la kampuni yake, zamani kabla ya makubaliano ya mwaka 1954. Anayeunakili kwa chombo cha kipimo cha 1954 husoma barua kwa ufunguo usio wake: huzipunguza sauti nyembamba ambazo mchoraji hakuziongeza, na sauti ya mwanamke huyo yafifia kama iliyofunikwa kwa kanga. Nakala ya namna hiyo ikienea, vijana watamjua Siti ambaye hakuwako. Mafundi waangalifu hunakili mfuo kwanza jinsi ulivyo, bila kusawazisha, na kuiweka nakala hiyo isiguswe. Kisha katika nakala ya pili hujaribu vipimo kimoja baada ya kingine, leo hiki, kesho kile, na wakikosea hurudi kwenye ile ya kwanza. Sindano imepita mara moja tu juu ya santuri, na kazi ya kuusikiliza upya mwaka 1928 yaweza kuendelea.